Amana ya Herufi Katika Barua Pepe

Wengi katika wasomaji wetu wamepata kufungua barua pepe ya Kiswahili safi, na katikati ya maneno yasomekayo bila taabu wakamkuta ng'ombe ameandikwa “ngâ€™ombe”, au wakakuta kauli ya mtu mwenye adabu zake imezungukwa na alama ambazo yeye mwenyewe, lau angeonyeshwa, asingekubali kuwa zimetoka mkononi mwake. Aghalabu lawama humwangukia aliyeandika, husemwa kuwa hajui kutumia mashine au kwamba simu yake ni ya kale, ilhali mara nyingi yeye aliandika sawasawa na simu yake ikatuma sawasawa, na kilichoharibika kiliharibika mahali ambapo hakuna hata mmoja kati ya wawili hao awezaye kupaona, yaani ndani ya seva ya barua, ile kompyuta ya upande wa mpokeaji ambayo wadhifa wake ni kuzipokea barua zijazo, kuzikagua, kuzihifadhi na kumgawia kila mtu zake. Wako waonao kuwa jambo hili ni dogo. Mimi silioni dogo, kwa kuwa barua ni amana, na aliyepokea amana kwa niaba ya mwingine hana ruhusa ya kuibadili hata kwa nia njema. Na takriban kila uharibifu wa herufi niujuao katika barua pepe, ukifukuliwa hadi kwenye mzizi wake, hukutwa pana programu iliyojitia kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyeiomba ikitengeneze.

Yatupasa kuanza na asili ya jambo. Kompyuta haijui herufi. Ijuacho ni hesabu tu, na kila herufi tuionayo kwenye kioo ni nambari ambayo watu wamekubaliana kwamba itasimama badala ya herufi hiyo. Makubaliano yaliyoenea kuliko mengine yote yalitangazwa Marekani mwaka 1963 kwa jina la ASCII, herufi ndogo zikaingizwa katika marekebisho ya 1967, na jumla ya nafasi zake ni 128, kuanzia sifuri hadi 127, ambazo 33 kati yake ni amri za mashine zisizoonekana kwa macho, na 95 zilizobaki ni herufi, tarakimu, alama za uandishi na ile nafasi tupu iliyo baina ya neno na neno. Kwa Mwingereza jedwali hilo lilitosha. Mfaransa halikumtosha, kwani lugha yake ina herufi zenye mikwaju juu yake. Na Mrusi, Mwarabu na Mjapani hawakukuta humo hata herufi moja iliyo yao. Kiswahili kilisalimika, kwa kuwa maandishi yetu ya Kilatini, yaliyosanifiwa na ile Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, hayana herufi hata moja iliyobebeshwa alama juu, na ile ritifaa ya ng' imo katika ASCII kwa nambari 39. Basi barua ya Kiswahili iliyopigwa kwa herufi hizo ilipita kila seva ya ulimwengu bila kuguswa, na taabu zetu zilipokuja, zilikuja kwa mlango wa ritifaa hiyo hiyo.

Barua ya kwanza kupelekwa kwa mtandao kutoka kompyuta hadi kompyuta ilitumwa na Ray Tomlinson huko Marekani mwaka 1971, naye ndiye aliyeichagua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake. Lakini sheria ambazo mpaka leo barua pepe hutembea juu yake ziliandikwa Agosti 1982, pale Jonathan Postel alipoweka kanuni za seva kupokezana barua, ambazo huitwa SMTP, na David Crocker akaweka kanuni za umbo la barua yenyewe. Kwa kanuni hizo hapakuwa na herufi nyingine ila za ASCII. Nambari isiyozidi 127 hutoshea katika biti 7, na baiti moja ina biti 8, hivyo biti ya nane iliamriwa iwe sifuri daima. Na zilikuwapo seva zilizoitii amri hiyo kwa ukali hata zikawa zinaifuta biti ya nane katika kila baiti iliyopita mikononi mwake, bila kumwarifu aliyetuma wala aliyetumiwa. Warusi walilijua hilo na wakajihami kwa hekima inayostahili kutajwa: katika jedwali lao liitwalo KOI8 walizipanga herufi za Kirusi kwa namna ambayo kila moja, ikinyang'anywa biti yake ya nane, huangukia herufi ya Kilatini iliyo karibu nayo kwa sauti, na ndiyo sababu salamu yao ya Privet, baada ya kupita katika seva ya aina hiyo, ilimfikia mwenyewe ikiwa “pRIWET”, herufi kubwa na ndogo zimebadilishana mahali lakini maana imebaki. Wajapani nao walishika njia nyingine, wakaunda usimbaji wa ISO-2022-JP, ambao huandika maelfu ya herufi zao kwa baiti za biti 7 pekee, na hubadilisha jedwali katikati ya mstari kwa alama maalumu ya kutoka.

Waliobaki waliitumia biti ya nane kama walivyopenda. Kwa kuwa iliongeza nafasi 128 mpya, kila taifa na kila kampuni ilizijaza nafasi hizo kwa herufi zake, na hapo ndipo fitina ilipoingia, kwani baiti yenye nambari moja ikawa na maana kumi kwa watu kumi. Ulaya ya magharibi ilikuwa na ISO 8859-1. Microsoft ikalichukua jedwali hilo na kuzijaza nafasi zake zilizoachwa kwa amri za mashine, likapatikana jedwali la Windows-1252, ambalo katika nambari 146 limeweka ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe badala ya ritifaa iliyosimama wima, na mwandishi asijue. Kompyuta za Macintosh za zamani ziliiweka ritifaa hiyo hiyo katika nambari 213, ambayo kwa Windows-1252 ni herufi ya Õ, na kwa hiyo waliopokea barua kutoka kwenye mashine hizo walimsoma “ngÕombe”.

Hapa sina budi kuwataja ndugu zetu waandikao Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, kwa sababu hasara yao haikuhesabiwa na yeyote. Jedwali la ISO 8859-6 lilikusanya herufi za Kiarabu cha Waarabu tu; hazikuwamo پ wala چ wala گ wala ڤ, ambazo waandishi wa pwani wamezihitaji ili p isichanganyike na b, ch isichanganyike na j, na v isichanganyike na f. Windows-1256 lilizikubali tatu za kwanza kwa kuwa Wafursi na watu wa Urdu wanazitumia, bali ڤ likaiacha nje. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi mtu wa Lamu aliyetaka kumwandikia jamaa yake aliyeko Maskati kwa khati ambayo babu zao wote wawili waliandikiana, hakuwa na jedwali hata moja kati ya hayo ambalo lingeibeba barua yake nzima, hata kama kila seva ya njiani ingetenda haki.

Dawa ya kwanza ilitolewa Juni 1992 na Nathaniel Borenstein pamoja na Ned Freed, nayo huitwa MIME; ikasahihishwa Novemba 1996 katika sura ambayo bado inatumika. Hawakuzivunja sheria za 1982. Walichofanya ni kuitaka barua ijitambulishe yenyewe, kwa kuandika katika kichwa chake jina la jedwali lililotumika, kwa mfano “charset=UTF-8”, na kuandika pia namna baiti zake zilivyofungwa ili zipite salama katika seva zisizojua zaidi ya ASCII. Namna za kufunga ni mbili. Ya kwanza, quoted-printable, huziacha herufi za ASCII kama zilivyo na kuiandika kila baiti iliyozidi kwa alama ya usawa ikifuatwa na tarakimu mbili za hesabu ya kumi na sita, hivi kwamba ng'ombe mwenye ritifaa iliyopinda huwa “ng=E2=80=99ombe”, na barua yote ya Kiswahili ikabaki yasomeka hata kwa jicho tupu. Ya pili, Base64, huchukua kila baiti 3 na kuzigeuza kuwa herufi 4 kutoka katika kundi la herufi 64 zisizo na shaka popote, hivyo barua huongezeka uzito kwa thuluthi moja na haisomeki mpaka ifunguliwe. Hiyo ndiyo ifaayo kwa Kiarabu, Kihindi na Kichina. Mstari wa mada na majina ya watu ulihitaji kanuni yake peke yake, ambayo iliandikwa na Keith Moore, na kwayo neno salaam, likiandikwa kwa herufi za Kiarabu katika mada, husafiri hivi: “=?UTF-8?B?2LPZhNin2YU=?=”. Jina la jedwali liko mwanzo, B ni ya Base64, na kinachofuata ni zile herufi nne za neno, kila moja kwa baiti mbili. Kipande cha namna hii hakiruhusiwi kuzidi herufi 75, na mada ndefu hukatwa vipande kadhaa, kwa sharti kwamba herufi moja isipasuliwe, nusu yake ikawa katika kipande kimoja na nusu katika cha pili. Sharti hilo programu nyingi zimelivunja na zinaendelea kulivunja.

Dawa ya pili ilizaliwa mwaka huo huo wa 1992. Jedwali moja la herufi zote za wanadamu, Unicode, lilikwisha kuchapishwa 1991, lakini lilikuwa bado halijapata namna nzuri ya kuandikwa kwa baiti, mpaka jioni moja ya Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike walipoketi katika mkahawa wa New Jersey na Thompson akachora juu ya karatasi ya kuwekea sahani mpango ulioitwa baadaye UTF-8. Uzuri wake ni kwamba kila herufi ya ASCII imebaki na baiti yake ile ile moja, na herufi nyingine huandikwa kwa baiti 2, 3 au 4, ambapo baiti ya kwanza hutangaza idadi ya zitakazofuata, na kila ifuatayo lazima iwe baina ya 128 na 191. Ritifaa iliyopinda ina baiti tatu: 226, 128 na 153. Sasa na msomaji azitazame nambari hizo akiwa na jedwali la Windows-1252 mkononi. Nambari 226 humo ni â, 128 ni alama ya sarafu ya €, na 153 ni alama ya biashara ™. Hapo ndipo alipotokea “ngâ€™ombe”. Hakuna baiti hata moja iliyopotea wala kuongezwa. Barua ilifika kamili, ikasomwa kwa jedwali lisilo lake, ndio mkasa wenyewe wote. Kadhalika neno salaam lililotajwa juu, likisomwa kwa jedwali hilo hilo, huwa “Ø³Ù„Ø§Ù…”, na mtu aliyezoea akiona Ø na Ù zikipokezana hujua mara moja kwamba Kiarabu kizima kimelala chini yake kikingoja kusomwa vilivyo.

Basi seva inapaswa kutenda nini barua inapobisha hodi? Tangu 1993 seva iletayo hujitambulisha kwa neno EHLO, na seva ipokeayo hujibu kwa kuyataja mambo iyawezayo. Ikitaja 8BITMIME, imejifunga kwamba itazipokea baiti zenye biti ya nane na kuzihifadhi bila kuzigusa. Seva iliyokwisha kupokea barua kwa ahadi hiyo, kisha ikakuta kwamba seva ya mbele haiitaji, ina njia mbili tu zilizo halali: kuifunga barua upya kwa quoted-printable au Base64, au kuirudisha kwa aliyetuma. Njia ya tatu, ya kuzifuta biti na kujitia kutojua, haimo katika kanuni yoyote, ijapokuwa ilitumika sana.

Barua ikishafika kituo chake cha mwisho, kuifungua na kuisoma si kazi ya seva hata kidogo. Programu ya msomaji ndiyo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Seva huihitaji maana ya herufi pale tu inapochuja barua taka, inapotafuta neno ililoulizwa na mwenye kikasha, au inapoipeleka barua katika mfumo mwingine, kama vile daftari la malalamiko ya wateja. Na hapa ndipo niliposimama tangu mwanzo: kazi hizo zote zafanyika juu ya nakala. Barua yenyewe iwekwe baiti kwa baiti kama ilivyopokelewa, na Dovecot, iliyo mojawapo ya seva zitumikazo sana kuhifadhi vikasha, hufanya hivyo. Tukikosea katika nakala, tutaitupa nakala na kutoa nyingine. Tukikosea katika asili, hatuna pa kurejea.

Ugumu unaoanzia hapo ni wa barua zinazosema uongo juu ya nafsi zao. Ziko zitangazazo ASCII huku zimejaa baiti zilizopindukia 127, ziko zisizotangaza kitu chochote, na ziko nyingi mno zitangazazo ISO 8859-1 ilhali ziliandikwa kwa Windows-1252. Uongo huu wa mwisho umekuwa wa kawaida hata vivinjari vya intaneti vimewekewa kanuni ya kuyasoma matangazo ya ISO 8859-1 na ya ASCII kana kwamba yamesema Windows-1252, na seva itakayofuata desturi hiyo haitajuta. Kwa zilizobaki kipo kipimo kimoja kikubwa, nacho ni ile ruwaza ya UTF-8 yenyewe: maandishi ya jedwali jingine hayawezi, ila kwa nadra mno, kuipata kwa bahati ile safu ya baiti itangazayo na baiti zifuatazo, hivyo barua ikijaribiwa kwa ukali na ikapita, ni UTF-8 hata kama kichwa chake chasema vingine. Kipimo hicho kina mipaka yake, kwani ISO-2022-JP, iliyoandikwa kwa biti 7 tupu, hupita bila kupingwa, na kwa hiyo tangazo la mwandishi lazima lisikilizwe kwanza, na kipimo kiitwe pale tangazo linapokosekana au linapokataliwa na baiti zenyewe.

Wako waundao programu za kukisia jedwali kwa kuhesabu ni herufi zipi zimekuja mara nyingi, nazo hufaulu vyema katika Kirusi, ambacho karibu kila baiti yake ni ushahidi. Kiswahili kinazitatiza. Barua yetu ya kurasa mbili huenda isiwe na baiti ya ajabu ila moja tu, katika neno ng'ambo au ng'oa, na mtabiri aliyezoea kupima kwa wingi hana cha kupimia. Nimeziona barua za Kiswahili zikitangazwa kuwa za Kituruki na za Kibulgaria kwa ajili ya baiti moja. Hata hivyo, kwa aijuaye lugha, ushahidi huo mmoja unatosha. Baiti ya 146 iliyosimama peke yake baina ya g na vokali haiwezi kuwa UTF-8, na katika majedwali yote ya Windows kuanzia 1250 hadi 1258 ni ritifaa ile ile iliyopinda. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa awekaye seva ya ofisi yake angeweza kuandika kanuni hii kwa mistari michache na akaziponya barua zote za watu wake, wala hakuna mgeni wa ng'ambo atakayekuja kumwandikia, kwa kuwa mgeni hajui kwamba ng' ipo.

Nataka msomaji atofautishe maradhi mawili ambayo kwa macho hufanana. Barua iliyosomwa kwa jedwali lisilo lake ina maradhi yaponyekayo, kwani baiti zipo. Irudishwe nyuma hatua moja, isomwe upya. Ikisomwa vibaya kisha ikahifadhiwa vile vile, na seva ya pili ikalirudia kosa, ile ritifaa moja huwa “Ã¢â‚¬â„¢”, na hata hiyo, kwa subira, huweza kufunguliwa fundo kwa fundo mpaka asili ipatikane. Maradhi ya pili hayana tabibu. Ni pale programu inapokutana na baiti isiyoielewa na badala ya kuiacha inaandika alama ya kuuliza, au ile alama ya Unicode ya almasi nyeusi yenye kiulizo ndani yake, kisha ikaihifadhi barua katika hali hiyo. Jina la mtu lililokuwa na herufi sita za Kiarabu limekuwa viulizo sita, na viulizo vyote vinafanana; hapo hakuna elimu itakayomrudisha mwenye jina. Kwa sababu hiyo nasema kwamba seva ionyeshayo takataka ina aibu ndogo kuliko seva ionyeshayo viulizo nadhifu, kwani takataka bado ni barua.

Fauka ya hayo, kuigusa barua huvunja muhuri wake. Siku hizi benki, idara za serikali na makampuni makubwa hutia barua zao sahihi ya DKIM, ambayo ni hesabu iliyokokotolewa juu ya baiti za barua kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huirudia hesabu hiyo ili ajue kwamba barua imetoka kweli kwa huyo anayedai na kwamba haikubadilishwa njiani. Seva ya katikati ikiifunga upya barua kutoka biti nane kuwa quoted-printable, maneno yanabaki yale yale kwa msomaji, lakini baiti si zile, hesabu haikubali, na barua ya haki hutupwa katika taka pamoja na za matapeli. Kwa hiyo waliotunga kanuni ya DKIM wamewashauri watia sahihi waifunge barua kwa biti 7 kabla ya kuitia muhuri. Na kwa upande wa mpokeaji, muhuri na uhakikiwe kwanza, barua ingali kama ilivyoingia, ndipo mengine yafuate.

Penye hasara kubwa zaidi, kwa nionavyo, ni katika ile mifumo ya ofisi inayochukua barua na kuitia katika hazina ya data, kwa kuwa huko asili hutupwa mara tu nakala ikishapatikana. MySQL, itumiwayo na ofisi nyingi mno, kwa miaka ilikuwa na jedwali liitwalo utf8 ambalo, kinyume cha jina lake, halikupokea herufi iliyozidi baiti 3. Lililo kamili, utf8mb4, liliongezwa katika toleo la 5.5.3 la mwaka 2010, na la zamani likaendelea kuwapo kando yake. Vikaragosi vingi vya emoji vina baiti 4. Katika hazina ambayo masharti yake yamelegezwa, barua yenye kikaragosi katikati hukatwa pale pale penye kikaragosi, na kila kilichofuata hakihifadhiwi, na karani aisomaye huona barua fupi isiyo na dosari yoyote. Mwanamke aliyeanza malalamiko yake kwa salamu, akatia kikaragosi cha mikono iliyokunjwa kwa heshima, kisha akaeleza shida yake kwa aya tatu, amejibiwa na ofisi kwa shukrani ya salamu zake. Mwenye mfumo wa namna hii na atazame leo ni jedwali lipi lililochaguliwa, na kabla ya hapo aanze kuhifadhi barua nzima kama faili kando ya hazina, kwani nafasi ya diski ni rahisi.

Katika utafutaji pia nakala ina haki zake. Aliyeandika ng'ombe kwa ritifaa wima hatamwona yule aliyeandikwa kwa ritifaa iliyopinda, kwa kuwa kwa mashine hayo ni maneno mawili; basi faharasa ya seva na izilinganishe ritifaa hizo kuwa moja, na kadhalika iiandike پ ya mwandishi mmoja na ب ya mwingine katika hali ambayo mtafutaji atazipata zote, bila ya kuisogeza nukta hata moja katika barua zenyewe.

Limebaki suala la anwani. Kwa miaka 30 jina la kikasha lilikuwa la ASCII tu, mpaka Februari 2012 kanuni za SMTPUTF8 zilipoidhinishwa na kumruhusu mtu awe na anwani ya Kiarabu, ya Kichina au ya Kihindi. Gmail ikaanza kuzipokea barua za namna hiyo 2014, na seva ya Postfix ikafuata katika toleo lake la 3.0 mwaka 2015. Kabla ya kuidhinishwa yalifanyika majaribio, na katika majaribio hayo seva za njiani zilipewa idhini ya kuishusha barua, yaani kuigeuza iwe ya ASCII pale zinapokutana na seva isiyoelewa. Idhini hiyo iliondolewa katika kanuni za 2012, baada ya kudhihirika kwamba barua iliyogeuzwa njiani ilileta matata kuliko barua iliyokataliwa. Kwa sheria iliyopo sasa, seva ikikuta kwamba mwenziwe wa mbele hataji SMTPUTF8, huirudisha barua kwa aliyetuma pamoja na maelezo ya sababu, naye mwenyewe huamua kama atamwandikia mwenziwe kwa anwani nyingine au atamtafuta kwa njia nyingine.